Siku Mashine Iliposikiliza Hotuba

Ipo nchi moja ambayo ukiifuata kwa miguu, viatu vitakwisha kabla ya barabara, na barabara yenyewe imeshazinduliwa mara nne. Jina lake halina haja. Anayeijua anaijua, na asiyeijua ashukuru.

Watu wa nchi hiyo walikuwa wamechoshwa na mafaili. Faili la kiwanja linaingia ofisini asubuhi, mchana ni la mtu mwingine, jioni halijawahi kuwapo. Basi serikali ikasikia kwamba ng'ambo kuna daftari la mnyororo. Kila ukurasa umefungwa kwenye ukurasa uliotangulia, nakala zake zinakaa kwenye mashine za kila wilaya, na kilichoandikwa humo hakifutiki, hata afute nani. Tena ndani ya daftari hilo unaandika mkataba unaojitekeleza wenyewe. Ukisema nyumba ya fulani inakwenda kwa fulani, inakwenda papo hapo, bila karani, bila mhuri, bila chai. Serikali ilipenda yote isipokuwa hapo pa chai, lakini wafadhili walikuwa wameshapiga picha.

Kazi ikamwangukia Zamoyoni binti Mfaume, mwanamke wa makamo aliyekaa chumba cha chini kabisa cha Wizara ya Mambo Yasiyobadilika, pamoja na mashine, mabomba ya maji na bendera za zamani. Lugha ya kompyuta aliyoitumia inaitwa Rust. Wakubwa walipoambiwa maana yake ni kutu, wakaagiza madebe arobaini ya rangi ya kuzuia kutu, mashine zote zikapakwa mpaka kwenye matundu, na mbili zikafa. Zamoyoni akazitoa hizo mbili nje, akaendelea na zilizobaki.

Lugha hiyo ina masharti kuliko mama mkwe. Kila kitu kina mwenyewe mmoja, mmoja tu. Ukimpa mwenzio, umempa, wewe huna tena, na ukijaribu hata kukitaja unakatazwa. Ukitaka kutumia cha mwenzio unaazima, na ukiazima unarudisha. Anayesimamia masharti hayo ni kompaila, yaani mkaguzi aliye ndani ya mashine, anayesoma kila mstari kabla haujaruhusiwa kufanya kazi.

Nchi ile haikuwahi kuwa na mkaguzi wa namna hiyo. Mkurugenzi mmoja alileta mkataba unaosema kiwanja kimoja ni cha watu sita, kompaila akaukataa. Mkurugenzi akauliza huyo Kompaila ni mtu wa wapi, na kadi ya chama anayo? Akaambiwa si mtu. Akasema hata kama si mtu, shemeji hakosi. Wakamwandikia barua ya uhamisho kwenda mkoa wa mbali kabisa, kule kwa mbu, naye hakuripoti. Mwisho ikaundwa tume. Tume ikakaa hotelini miezi saba, ikatoa taarifa kwamba Kompaila ana kiburi na haheshimu wakubwa.

Kwa kuwa mikataba ilikuwa mingi na waandishi wake wachache, Zamoyoni alianza na maktaba ya msaada. Hivyo ni vipande vya kazi vilivyo tayari na kujaribiwa: cha kukabidhi, cha kuazima, cha kuhakikisha kwamba aliyetia dole gumba ni yeye na si binamu yake. Anayeandika mkataba anachukua vipande humo, hana haja ya kuchonga upya. Maktaba hiyo aliiita Tegemeo. Ilimla miaka sita na macho yote mawili. Ilipokwisha, juu kabisa, kwenye mstari wa jina la mwandishi, likaandikwa jina la Waziri, Mheshimiwa Dakta Makeke, ambaye kompyuta ya mezani kwake ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma tangu siku iliponunuliwa.

Zamoyoni alikohoa kidogo, akarudi chini kwenye mabomba yake. Kunyang'anywa jina lilikuwa jambo la kawaida huko, watu waliliita kulelewa na mkubwa.

*

Ugomvi ulianza kwa hotuba. Dakta Makeke alitaka hotuba yake ya kuisifu Tegemeo iingizwe ndani ya Tegemeo yenyewe, kurasa thelathini na nne, ili vizazi vijavyo viione. Zamoyoni akaiingiza. Aliiweka pale ambapo waandishi wa programu wote huweka maneno ya kumsaidia msomaji. Unatia mikwaju miwili, yaani vistari viwili vya mshazari, mwanzoni mwa mstari, na mashine inauruka. Mtu akifungua atausoma, lakini mashine haina habari nao.

Mwenye kupeleka maneno akayapeleka. Zamoyoni akaitwa juu.

“Naambiwa mashine inayaruka maneno yangu,” alisema Mheshimiwa.

“Ndiyo, Mheshimiwa. Hayo ni ya kusomwa na watu.”

“Watu wananisikia kila siku. Mashine yenyewe inasoma maneno ya nani?”

“Ya kazi, Mheshimiwa. Maneno yanayofanya kitu kitokee.”

“Kwa hiyo mimi nikisema, hakitokei kitu.”

Zamoyoni akaitikia kwa kichwa. Angejibu chochote kingine, hata uongo mdogo wa adabu, yasingemfika yaliyomfika. Ila alikuwa ameshinda miaka sita na kompaila, akasahau jinsi ya kuongea na waziri.

Wiki ya pili yake maafisa wakapita mtaani kwa mama yake wakigawa vyandarua. Mama huyo, Bi Sikudhani, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na baraza, aliyoijenga kwa chapati. Miaka ishirini ya kusukuma unga, kila chumba kina mgongo wake ndani. Kama wazee wengine, naye akatia dole gumba kwenye kibao cha mashine, akapewa chandarua chenye tundu la kupita paka, akashukuru serikali. Kumbe dole lile halikuwa la chandarua. Lilikuwa la kumkabidhi nyumba Dakta Makeke, pawe maegesho ya magari ya wageni wake. Tena ikapangwa nyumba ibomolewe Jumatatu inayofuata Siku ya Daftari, ile sherehe ya taifa ya kulisifu daftari, na ukuta ukapigwa alama nyekundu, ukubwa wa mtu mzima.

Zamoyoni alifungua daftari akaona. Kipande kilichoifanya kazi ile kilikuwa chake mwenyewe, kile cha kukabidhi, na kilikuwa kimefanya bila kosa hata moja. Mama yake hakuelewa habari za mnyororo. Alichouliza ni kimoja tu, kama sufuria zake ataruhusiwa kuzitoa kwanza.

Siku ya pili Zamoyoni akapanda juu bila kuitwa. Akasema mama yake alidanganywa, anaomba nyumba irudishwe. Mheshimiwa akamwambia ombi kama hilo lazima liambatane na barua ya mwenye nyumba.

“Mwenye nyumba kwa sasa ni nani, Mheshimiwa?”

“Kwa sasa ni mimi.”

“Basi naomba hiyo barua.”

“Mimi siwapi barua watu wasiokuja na barua,” alisema Mheshimiwa, akacheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akamkumbusha kwa upole kwamba daftari halifutiki, na kwamba ni yeye Zamoyoni aliyeyasema hayo mbele ya wafadhili. Alipomaliza kucheka akatoa karatasi yenye mihuri mitatu. Ilikuwa amri. Kwenye Siku ya Daftari, hotuba za viongozi wote zitaingizwa kwenye mashine zikiwa hai, mwanzo mpaka mwisho, na hakuna neno litakalorukwa. Kuanzia siku hiyo neno la kiongozi ni mkataba, na linajitekeleza hapo hapo linapotamkwa.

“Nenda kaandike hivyo,” alisema. “Tuone kama hakitatokea kitu.”

*

Sasa hapa lazima ifahamike desturi ya nchi ile. Kiongozi wa huko hafungui mdomo hadharani kabla hajatoa Ahadi. Waziri akisimama anamgeukia Mtukufu Baba wa Kudumu, aliyekuwa rais wao tangu wengine hawajaota meno, na kumwambia: “Mtukufu, mimi ni wako, na vyote nilivyo navyo ni vyako.” Ndipo aendelee na habari za mbolea. Mtukufu naye akisimama anawageukia watu, anawaambia: “Ndugu wananchi, mimi ni mtumishi tu. Vyote nilivyo navyo ni vyenu.” Maneno hayo yalisemwa kwenye misiba, kwenye mechi za mpira, kwenye uzinduzi wa vyoo. Kwa jinsi yalivyosemwa sana, hapakuwa na sikio lililokuwa likiyasikia tena. Yalikuwa kama kusafisha koo.

Zamoyoni aliisoma amri mara tatu. Mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa mazoea ya kazi, akitafuta kosa kama anavyotafuta kompaila. Mara ya tatu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Angeweza kupanda ngazi kumwambia. Sentensi moja ingetosha: Mheshimiwa, hiyo Ahadi tuiache iendelee kurukwa, la sivyo itafanya kazi. Miaka yote sita alikuwa mtu wa kusema sentensi za namna hiyo, ndiyo maana alikuwa chini na mabomba. Akamfikiria mama yake anavyohesabu sufuria. Akasema moyoni, safari hii nitakuwa mtumishi mtiifu, nitatii kama nilivyoandikiwa, mpaka nukta.

Akaketi, akatii.

Mashine haikubali jina lisilo na maelezo. “Mtukufu” lilikuwa rahisi, ni mtu mmoja na dole lake lipo. Lakini “wananchi” ni nani? Tena kila kitu lazima kiwe na mwenyewe mmoja. Zamoyoni hakutaka kuamua peke yake, asije akaambiwa kavuka mipaka. Akaandika barua rasmi kumuuliza Waziri. Ikarudi na jibu la wino mwekundu pembeni: Wananchi ni watu. Watu wanajulikana wanakolala. Tumia Kitabu cha Malazi na usinisumbue na maswali ya kitoto.

Kitabu cha Malazi kilikuwa sifa ya serikali ile. Ilikuwa haijui mtu anakula nini, lakini ilijua kila mtu analala wapi, na wajumbe walipita kila mwezi kuhakiki, isipokuwa kwa wakubwa, ambao hakuna mjumbe aliyethubutu kuwauliza wanalala wapi. Basi Zamoyoni akaandika kama alivyoelekezwa: kitu kikikabidhiwa wananchi, kinakuwa cha yule anayelala humo. Kompaila akaupitia mkataba mzima, hakuona kosa. Waziri akatia sahihi kila ukurasa, na kwenye ukurasa wa mwisho akatia mbili.

*

Siku ya Daftari uwanja ulijaa tangu asubuhi, maana wasiofika walikuwa wameahidiwa kufuatwa. Palikuwa na kioo kikubwa kama ukuta wa ghorofa, cha kuonyesha watu mashine inavyosikiliza. Zamoyoni alikaa nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, akiangalia waya zisichomoke. Mama yake alikuwa nyumbani akifunga mizigo.

Dakta Makeke akasimama wa kwanza. Akamgeukia Mtukufu, akainama mpaka tai ikagusa zulia, akasema ni wake, na vyote alivyo navyo ni vyake. Kioo kikawaka. Mashine ikaanza kuandika: nyumba ya ufukweni, imekabidhiwa. Nyumba ya mlimani, imekabidhiwa. Shamba la maua, gari, gari, gari, hoteli ambayo watu walidhani ni ya mganga mmoja, imekabidhiwa. Arobaini na moja kwa jumla, na ya mwisho ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na baraza.

Watu wakapiga makofi, wakidhani ni mapambo. Dakta Makeke naye akapiga, akamnong'oneza jirani yake kwamba hizo ni takwimu za mapenzi. Mawaziri wengine wakaona wivu. Kila aliyesimama alitoa Ahadi kwa sauti kubwa kuliko aliyetangulia, wawili wakairudia ili majina yao yakae kiooni muda mrefu zaidi. Mpaka saa tano majenerali, wakuu wa mikoa na bwana mmoja wa bandarini walikuwa wamemaliza. Juu ya kioo lilibaki jina moja.

Mtukufu alilitazama jina lake likiwa peke yake pale juu, akafurahi kama mtu aliyeona picha yake ya ujana. Akasema siku imekuwa nzuri, yeye hana la kuongeza, na akaomba fimbo yake aondoke.

Nyuma ya kioo, Zamoyoni akasimama. Kama mzee yule angeingia kwenye gari hapo, nyumba ya Bi Sikudhani ingebaki kwa Mtukufu, na kwa Mtukufu hakuna aliyewahi kwenda kuomba kitu akarudi nacho. Alimtoa mbuzi mdomoni mwa fisi, sasa amempa simba. Hakuwa na kipaza sauti, wala jina, wala ruhusa ya kutokeza mbele ya zulia. Akashika waya mkononi, akaiachia. Hakuna waya ya kumfanya rais aongee.

Aliyemwokoa ni Dakta Makeke. Kuona Mtukufu anaondoka bila kumsifu, Waziri aliogopa. Akapiga magoti mbele ya fimbo.

“Mtukufu, tutatawanyikaje bila neno lako? Mashine yenyewe inasubiri. Angalau ile Ahadi yako tu, baba, watu walale na amani.”

Mtukufu hakuwahi kukataa kuombwa kwa magoti. Akashika kipaza sauti. Mshauri wake mmoja, aliyekuwa ameanza kuelewa, alifungua mdomo, ila katika nchi ile kumkatiza Mtukufu kuna kifungu chake cha sheria. Akaufunga.

“Ndugu wananchi,” alisema Mtukufu, “mimi ni mtumishi tu. Vyote nilivyo navyo ni vyenu.”

Mashine ikafungua Kitabu cha Malazi.

Nyumba ya mlimani ikaenda kwa mlinzi aliyekuwa akilala kibandani humo mwaka wa tisa. Magari yakaenda kwa madereva, maana ndimo walimokuwa wakilala wakiwasubiri wakubwa. Mashamba ya majenerali yakaenda kwa askari walioyalinda wakilala shambani. Hoteli ikagawanyika chumba kwa chumba, mwenye nacho ni mhudumu au mgeni, na mgeni mmoja aliyekuwa amekuja kwa semina tu akapata chumba chenye bafu. Mstari wa nyumba ya vyumba viwili ulipopita, ulisoma: Sikudhani, ajuza, hulala chumba cha mkono wa kulia. Imekabidhiwa.

Zamoyoni akakaa. Hakulia wala hakucheka. Alichomoa waya moja baada ya nyingine, akaikunja vizuri, akarudisha funguo za chumba cha chini mapokezi, akaenda zake nyumbani kumsaidia mama kufungua mizigo.

*

Wakubwa waliporudi majumbani wakakuta mageti yamefungwa kwa ndani, na waliofunga wanawasalimia kwa heshima kupitia tundu. Wakakimbilia kwenye daftari. Kila aliyeandika jina la nyumba yake alijibiwa na kompaila maneno yale yale: Kitu hiki ulishakikabidhi. Si chako, na huruhusiwi kukitaja. Mtukufu akaamuru mashine zivunjwe. Amri ikaenda kwa majenerali, majenerali wakaituma kwa askari, askari wakajibu kwamba mvua zinakaribia na wako shambani wanapanda.

Ndipo akatafutwa aliyeandika balaa hili. Wakafungua Tegemeo, mstari wa kwanza. Dakta Makeke aliapa mbele ya Mtukufu kwamba hajawahi kuandika hata herufi moja, akaulizwa na hizi sahihi je, zile mbili za mwisho? Haikupita nusu saa, hakuwa waziri tena.

Naye alikuwa na lake la aibu zaidi. Kwa miaka minane alikuwa ameandikisha kwenye Kitabu cha Malazi kwamba analala ofisini, apate posho ya kukesha kazini. Ofisi ni ya serikali, haikugawiwa. Humo ndani chake kilikuwa kimoja, kochi la ngozi la watu watatu, na mashine kwa uaminifu ikamrudishia.

Jumatatu, siku ile iliyopangiwa kubomoa, saa nne asubuhi, kina mama waliokuwa bombani walimwona akija na mkokoteni wa kukodi, kochi juu yake, tai shingoni. Alikuwa amezunguka kwa marafiki, na marafiki nao walikuwa wakizunguka. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka juu ya mabati. Mwenye mkokoteni akasema muda wake umekwisha, akapindua kochi uani kwa Bi Sikudhani, akaenda.

Dakta Makeke akamwamkia Bi Sikudhani shikamoo, huenda ya kwanza tangu alipoacha shule. Akamgeukia Zamoyoni. Alieleza mengi: kwamba walichonganishwa, kwamba jina la Tegemeo atalirudisha hata kesho, kwamba kama kuna kipande kingine kinachoweza kurudisha nyuma, yeye yuko tayari kujifunza. Zamoyoni alimwacha amalize yote, maana alikuwa hajawahi kumsikia akiongea bila kipaza sauti. Kumbe alikuwa na sauti ndogo.

“Sasa unataka nini?” akamuuliza.

“Baraza tu, dada yangu. Niliingize kochi barazani, mvua isilikute. Mengine tutazungumza.”

“Hapana.”

“Si kwa ajili yangu mimi—”

“Nimesikia ni kwa ajili ya kochi. Hapana.”

Tone la kwanza likaanguka kwenye ngozi, likakaa pale kama jicho. Kisha yakaja yote kwa pamoja. Dakta Makeke akavua koti akalifunika kochi upande mmoja, upande wa pili ukabaki wazi. Akahamisha koti, upande wa kwanza ukalowa. Akaenda mbio kutafuta turubai mtaani, akawa anagonga mlango mmoja baada ya mwingine, na kila mlango ulimwitikia vizuri sana bila kufunguka.

Bi Sikudhani alitoka chumbani, akachungulia.

“Mwanangu, kochi la watu linaharibika. Tulivute tu hapa, litoe maji.”

“Litoe maji huko huko, mama.”

“Yule si mtu mzima? Atapata homa.”

Zamoyoni aliingia ndani akatoka na kigoda, akakiweka ukingoni mwa baraza, pale pasipofika matone, akakaa. Kochi lilianza kuvimba. Mshono wa katikati ukaachia, sponji ikatokeza, ikanywa maji, ikaendelea kunywa.

“Zamoyoni,” alisema mama yake, “linaoza hivi hivi tunaliona.”

“Ndiyo, mama,” alisema, akasogeza kigoda mbele kidogo. “Sogea na wewe ukae, huko nyuma halionekani vizuri.”